Neno "Kimbilio" katika Dini ya Buddha

Hapa Bukavu mtoto hulijua neno "mkimbizi" kabla hajafundishwa kitenzi ni nini. Kwa sababu hiyo, atakayetaka kueleza kwa Kiswahili tendo la kuingia katika dini ya Buddha atakuta neno analolihitaji limekwisha jaa maana nyingine.

Tendo lenyewe ni fupi. Mtu hutamka mara tatu, kwa lugha ya Kipali, kwamba anakwenda kwa Buddha, kwa Dhamma yaani mafundisho yake, na kwa Sangha yaani jumuiya ya wafuasi, hasa watawa. Kila kimoja kati ya hivyo huitwa "sarana". Suala la kulitafsiri neno hili si la vitabuni tu: Dar es Salaam kuna hekalu lililojengwa na Wasinhala enzi za utawala wa Waingereza, na mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Kibuddha nchini mwake.

Wasomaji wa Zaburi watajibu mara moja: sarana ni kimbilio. Nomino hiyo imetokana na "kukimbilia", kauli ya kutendea ya "kukimbia", na kiambishi kimoja kinabadili mengi. Anayekimbia tunajua kilichoko nyuma yake. Anayekimbilia tunajua kilichoko mbele yake. Mkimbizi ni mtu wa kitenzi cha kwanza. Waliokaa katika kambi za Inera na Kashusha tangu 1994 walilazimika kukimbia tena mwaka 1996, wakiingia misituni kuelekea magharibi. Kambi haikuwa kimbilio.

Dhammapada, aya ya 188 hadi 192, inagusa jambo hilihili: watu wenye hofu huenda milimani, misituni na kwenye miti mitakatifu, lakini huko hawapati usalama wa kweli. Sisi wa Kivu hatuhitaji ufafanuzi wa aya hizo.

Hata hivyo Kipali hakisemi "ninakimbilia". Kinasema "gacchami", ninakwenda, kitenzi cha mwendo wa kawaida. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa Buddha si mungu wala hamkingi mtu. Alionyesha njia, na kuipita ni kazi ya kila mmoja. Ndiyo maana neno "hifadhi", ambalo wengine wangelipenda, linapotosha zaidi: anayehifadhiwa hutendewa tu.

Anayekwenda hutenda. Baada ya kutamka maneno hayo hushika kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Wengi huyarudia hayo yote nyumbani kila siku. Kadiri ya mafundisho yao, mwenye kuzishika huwapa wengine pia usalama. Jirani hana sababu ya kumkimbia.

Kwa maoni yangu, basi, nomino "kimbilio" ibaki, lakini kitenzi kiwe "kwenda", ili msikilizaji wa hapa kwetu asidhani anaitwa tena kufunga mizigo.