Maradhi ya Mzabibu na Mageuko ya Majira

Msafiri aondokaye Rudewa, katika bonde la Kilosa ambako mkonge, mpunga na mahindi hustawi chini ya milima ya Ukaguru, akashika njia ya Dumila na kupanda kwa Gairo na Kibaigwa mpaka Dodoma, hutoka kwa muda wa saa chache katika nchi ya mvua zikaribiazo milimita 1,000 kwa mwaka na kuingia katika nchi ipatayo takriban milimita 570. Na ni huko juu, katika ukavu ambao mgeni angeudhani adui wa kila tunda lenye maji, ndiko yalikostawi mashamba ya zabibu ya Makutupora, Hombolo na Bihawana, ilhali bondeni, penye maji tele na rutuba, zabibu hazikupata jina. Sababu mojawapo kubwa ya ajabu hiyo ni maradhi.

Maradhi yenyewe aghalabu ni mawili. La kwanza ni ubwiri vinyoya, ambao kimelea chake, ingawa huhesabiwa na wengi kuwa kuvu, kwa nasaba ni jamaa wa mwani kuliko wa uyoga, nacho ni ndugu wa bakajani chelewa iwatesayo wakulima wa nyanya wa Uluguru. Kwa kuwa asili yake ni majini, hakiwezi kuingia katika jani lililo kavu: vijimbegu vyake, vikishatua, hungoja tone la mvua au la umande, na ndani ya tone hilo hutoka viumbe vidogo mno vyenye mikia, vikaogelea mpaka kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, vikapenya. Siku chache baadaye huonekana mabaka ya manjano, kana kwamba mafuta yamedondoka juu ya jani. Na usiku wenye unyevu mwingi, upande wa chini, huota vinyoya vyeupe vilivyosheheni vijimbegu vingine. Joto kipendalo ni la nyuzi 20 hadi 25, nalo kwa Dodoma wakati wa kifuku halikosekani. Kilichokuwa kikikosekana ni maji juu ya jani.

Hapo ndipo mageuko ya tabia ya nchi yanapoingia katika kadhia hii. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, na mvuke huo hurudi kwa mvua za vishindo. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hilo, maana mto Kinyasungwe huyachukua maji ya nyanda za Dodoma na kuyateremsha katika Mkondoa. Na mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 gharika iliwahamisha maelfu ya watu ikaikata Reli ya Kati. Sisemi kwamba gharika moja ni hoja ya kutosha, wala kwamba mvua kubwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa mzabibu: milimita 60 zikinyesha alasiri moja, kisha jua likawaka, hudhuru kidogo kuliko milimita 20 zilizotawanyika katika siku 4 za mawingu. Jumla ya mvua ya mwaka, kwa hiyo, humghilibu mkulima. Cha kuhesabiwa ni saa ambazo jani limelowa.

Maradhi ya pili, ubwiri unga, ambao ni kuvu hasa, yana tabia kinyume. Ubwiri huo hauhitaji tone, na mvua kali huweza hata kuuosha. Hupenda kivuli, mawingu na hewa ya nyuzi 25 au karibu yake, na joto likipita nyuzi 35 hudhoofika. Mchana wa joto kali utauzuia, lakini Juni na Julai, miezi ya baridi ya Dodoma, ikizidi kupata vuguvugu, itaukaribisha katika mavuno ya kiangazi, ambayo kwa ukavu wake yangedhaniwa kuwa salama. Tunda lililopatwa likiwa changa hupasuka ngozi, na uozo hufuata.

Ufaransa, uliofikiwa na ubwiri vinyoya mnamo 1878, ulipata nafuu kwa mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa ambao mtaalamu wa mimea Millardet aliutangaza mwaka 1885. Aidha una majira ya baridi ambayo mzabibu hupukutika na maradhi hulala. Sisi hatuna pumziko hilo: hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na jani bichi halikosekani. Dawa ya shaba hukinga juu ya jani tu, mvua huikokota, mkulima hurudia, na shaba haiozi, bali hujilimbikiza udongoni. Kuongeza dawa bila kupima majira naona ni hasara mara mbili.

Tadbiri iliyo bora ni kupogoa kwa wakati ambao maua hayatakutana na siku za mawingu mfululizo, kupunguza majani ili upepo upite, kunywesha mashina badala ya kunyunyiza juu, na kuandika kila mvua pamoja na muda wake, kwa kufuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na ushauri wa kituo cha utafiti cha Makutupora. Nawe msomaji wa Rudewa, ukitaka mzabibu mmoja uani, uweke upande wa mashariki upate jua la alfajiri likaushe umande mapema, na usiupogoe mpaka masika yamekwisha.