Sura ya Saba: Mbwa Huyu ni wa Nani?

Mitaani Kaptembwa au Rhonda, mjini Nakuru, mbwa anayelala mchana kando ya bucha ana majina mengi na hana mwenyewe. Mwenye bucha humtupia mfupa, watoto humwita Simba, na mlinzi wa ploti humtegemea usiku. Siku atakapomuuma mtoto wa jirani, wote hao watamkana kwa sauti moja. Sheria itamtafuta mwenye mbwa, na mtaa utajibu kwamba hayupo.

Hapo ndipo kanuni nyingi za wanyama wa nyumbani hukwama, Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa. Hazikwami kwa uchache wake, kwani zipo tele, kuanzia kwenye Katiba hadi kwenye baraza la chifu. Hukwama kwa sababu kila kanuni humhitaji mtu mwenye jina na anwani atakayewajibika, ilhali desturi yetu ya kufuga humruhusu mtu kufaidi mbwa bila kumiliki mbwa.

Sheria zenyewe

Wengi hushangaa kusikia kwamba leseni ya mbwa imetajwa katika Katiba ya Kenya. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 inaorodhesha kazi za kaunti, na mojawapo ni udhibiti na ustawi wa wanyama: kutoa leseni za mbwa, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa mikononi mwa Baraza la Manispaa ya Nakuru, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Sheria hiyo ilikoma kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Nakuru ilipotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, Katiba haikubadilika: mwenye wajibu wa mwisho juu ya mbwa bado ni kaunti.

Kila kaunti inaweza kujitungia sheria yake. Nairobi ilifanya hivyo kwa Sheria ya Udhibiti na Ustawi wa Mbwa ya 2015, ambayo inamtaka anayefuga mbwa awe na leseni. Juu ya sheria za kaunti zipo sheria tatu za taifa ambazo kila mfugaji angefaa kuzijua. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inadai taarifa itolewe pale mnyama anaposhukiwa kuwa na ugonjwa huo, na inawapa maofisa uwezo wa kumzuia mnyama na hata kumuua. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inahusu magonjwa ambayo ni kosa kuyaficha. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama ovyo, kumtesa, kumnyima chakula au kumpiganisha na mwenzake. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo mfupi juani kutwa, bila maji, ni suala la sheria hii, hata kama mwenyewe anadai ndiyo njia ya kumfanya awe mkali.

Kuna pia Kanuni ya Adhabu, inayomtia hatiani mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Maneno hayo, “aliye mikononi mwake”, yana uzito katika mji wa ploti za kupanga. Mwenye ploti anaweza kuwa anaishi Milimani, mbwa yuko Langalanga, na anayemlisha ni mlinzi. Kila mmoja humsukumia mwenzake, lakini aliye na mnyama mikononi hawezi kujitoa kwa kusema tu kwamba hakumnunua.

Fidia ya aliyeumwa ina historia ya aina yake. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 inaelekeza kwamba, pale ambapo bunge halijatunga sheria, mahakama zifuate sheria ya kimila ya Kiingereza jinsi ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Waingereza wenyewe waliibadilisha yao kuhusu wanyama kwa sheria ya bunge mwaka 1971, lakini mabadiliko hayo hayakuvuka bahari kuja kwetu. Katika mfumo huo wa kale, mwenye mnyama wa kufugwa hulipa hasa ikithibitishwa kwamba alijua mnyama wake ana tabia ya kushambulia. Sasa tazama kibao cha “Mbwa Kali” kilichotundikwa kwenye geti la Section 58 au Kiamunyi. Aliyekitundika alitaka kuwafukuza wezi na kujikinga na lawama. Mbele ya hakimu, kibao hichohicho kinaweza kutolewa kama ushahidi kwamba mwenye nyumba alijua fika mbwa wake anauma.

Geti linapofunguliwa

Kwa nini basi mbwa ni wengi barabarani? Jibu la haraka ni kwamba hao ni mbwa koko wasio na kwao. Tafiti za Afrika Mashariki zinatoa jibu jingine. Huko Machakos, watafiti waliofuatilia mbwa wa vijijini katika miaka ya 1990 walikuta kwamba karibu wote wana nyumba, ila hawafungiwi. Wanatoka, wanatafuta chakula, wanarudi. Maisha yao ni mafupi, wastani wake ukiwa chini ya miaka minne, na nafasi zao huchukuliwa haraka na watoto wapya.

Picha hiyo haiko mbali na ya Nakuru. Katika sensa ya 2019 mji ulikuwa na watu 570,674, na sehemu kubwa yao huishi kwenye ploti zenye geti moja na familia nyingi. Geti hilo hufunguliwa alfajiri kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi, na mbwa hutoka nao. Anakwenda sokoni, kwenye vibanda vya nyama, au kwenye jaa la Gioto kando ya miteremko ya Menengai. Jioni anarudi kulinda. Mchana mtaa humhesabu kuwa koko, usiku mwenye ploti humhesabu kuwa wake. Taka zisizozolewa humlisha katika saa zile ambazo mwenyewe hamlishi, ndiyo maana gari la taka ni chombo cha kudhibiti mbwa sawa na sindano ya chanjo.

Bondeni, kwenye ujirani wa Kiislamu wa miaka mingi, mbwa anayezurura huleta ugomvi wa ziada. Mate yake yakigusa kanzu ya sala, nguo lazima itoharishwe. Jirani hapingi mbwa wa ulinzi, anapinga mbwa asiyefungiwa. Ukichunguza malalamiko mengi ya ujirani kuhusu mbwa, yawe ya kelele, kinyesi au kuku walioliwa, utakuta yanaishia kwenye geti.

Hesabu ya asilimia 70

Sababu kuu ya dola kujali mbwa wako ni kichaa cha mbwa. Duniani ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Nchini Kenya makadirio yanayotumika na serikali ni vifo kama 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemewa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Hata hivyo, virusi vyake si vyepesi kuenea kati ya mbwa. Kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa mmoja hadi wawili tu. Kwa hiyo asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa kila mwaka, mnyororo hukatika. Kwa nini 70, na si 40? Kwa sababu ya maisha yale mafupi yaliyoonekana Machakos. Miezi kadhaa baada ya kampeni, baadhi ya waliochanjwa wamekufa na watoto wasiochanjwa wamezaliwa, hivyo kinga ya mtaa hushuka kila wiki. Ni lazima kuanza juu ili mwaka uishe ukiwa bado salama. Hapa wafugaji wengi hukosea: huleta mbwa wakubwa chanjoni na kuwaacha watoto nyumbani, ilhali watoto ndio watakaoishusha kinga hiyo.

Njia ya mkato ni kuua mbwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliijaribu mwaka 1998. Karibu nusu ya mbwa wa kisiwa waliuawa na kichaa kikabaki. Pengo linaloachwa na mbwa aliyeuawa hujazwa na mwingine, mara nyingi kutoka mtaa mwingine na bila chanjo. Isitoshe, mbwa aliye rahisi kukamatwa ni yule aliyezoea watu, ambaye huenda ndiye aliyechanjwa.

Jirani zetu wa Pemba wanatoa funzo la pande mbili. Chanjo iliufuta ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 virusi viliingizwa tena na watu wakaumwa, hadi kampeni mpya za chanjo zilipouzima mwaka 2018. Kisiwa kina bahari ya kukizunguka. Nakuru imekaa kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Uganda, na mbwa husafirishwa kwa lori, pikapu na bodaboda. Mkakati wa taifa wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, uliozinduliwa mwaka 2014, hauwezi kufaulu kwa kaunti kuchanja mwaka mmoja na kupumzika miwili.

Kondoo, tegu na hifadhi

Katikati ya Bonde la Ufa, wajibu wa mwenye mbwa hauishii mjini. Molo na Mau Narok ni nchi ya kondoo, na genge la mbwa wanaozurura usiku linaweza kumaliza zizi. Mkulima aliyepoteza kondoo hushawishika kutega nyama yenye sumu. Sumu haichagui. Humuua mbwa wa jirani aliyechanjwa, kisha huwaua tumbusi wanaoushukia mzoga, ndege wanaozaliana kwenye majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambao tayari idadi yao inapungua.

Kondoo na mbwa hushirikiana pia katika tegu wadogo wanaosababisha uvimbe wa maji katika ini au mapafu ya binadamu. Mbwa huwapata kwa kula matumbo mabichi ya kondoo au mbuzi mwenye uvimbe, na mtu humeza mayai yao kutoka kwenye kinyesi au manyoya ya mbwa. Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na nchi ya Wamaasai haikusalimika. Ndiyo maana sehemu ya kuchinjia huwekewa uzio, na ini lililokataliwa na mkaguzi wa nyama huzikwa au kuchomwa. Kumtupia mbwa ini hilo ni kulirudisha gonjwa nyumbani kwako.

Kisha kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kilomita za mraba 188 zilizozungushiwa uzio na kupakana na mitaa ya mji. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) haliruhusu mbwa wa nyumbani ndani ya hifadhi, na sababu si kuwatisha swala pekee. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa kawaida wa mbwa, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Mwaka 2017 distempa iliwafagia mbwa mwitu wa Laikipia, kaunti inayopakana na Nakuru.  Anayefuga mbwa Barut au Lanet, karibu na hifadhi ya Nakuru, anafuga jirani wa simba.

Mbwa akiuma

Cha kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, majivu wala mafuta ya gari. Cha pili ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo, kwa sababu dalili zinaweza kuchukua miezi kujitokeza na chanjo hufaa kabla hazijafika. Dozi hutolewa kwa siku zilizopangwa. Kuacha katikati ni kujiweka hatarini upya.

Cha tatu ndicho kinachokiukwa zaidi: usimuue mbwa aliyeuma kama anaweza kufungiwa salama. Mbwa mwenye kichaa huwa na virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua mwenyewe. Akiwa bado mzima baada ya siku 10, hakuwa anaambukiza alipouma. Umati unaompiga mawe na kumtupa jaani huliondoa jibu hilo, na mgonjwa hulazimika kumaliza dozi zote kwa hofu. Ikiwa ameshakufa, mwiteni daktari wa mifugo kabla ya kuzika: kichwa kinahitajika maabara, kwani ugonjwa huthibitishwa kwenye ubongo.

Kutoka chanjo hadi orodha

Wajibu wa mfugaji unaweza kusemwa kwa ufupi: chanjo kila mwaka, geti lililofungwa, mkanda wa shingo wenye namba ya simu, kuhasi dume na kumfunga kizazi jike ikiwa hutaki watoto, na kutomtupa sokoni mtoto wa mbwa usiyemtaka. Paka naye achanjwe, kwani huambukizwa kichaa na watoto humbeba kifuani.

Wajibu wa kaunti una ugumu wake. Leseni inayouzwa kama ushuru mtupu hulipwa na waaminifu wachache wenye mbwa wa bei ghali, na wengine huwaficha mbwa wao. Chanjo ya bure au ya bei nafuu, inayoletwa kwenye wadi siku iliyotangazwa, huwavuta wenye mbwa wenyewe, kwa sababu kila mzazi anakihofia kichaa. Cheti kinachoandikwa siku hiyo hubeba jina la mtu, mtaa, namba ya simu, na rangi ya mbwa. Kwa sindano ileile kaunti inapata kinga na orodha, na leseni iliyotajwa katika Katiba inapata pa kuanzia. Mwenye bucha wa Kaptembwa asiyetaka jina lake liandikwe kwenye cheti cha Simba atakuwa na hiari ya kuacha kumtupia mifupa. Akiendelea kumlisha na kumtegemea, basi aandikwe: mbwa ni wake.