Waya Usiopiga

Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, fundi wa umeme huweza kushika waya mmoja wa gurupe, yaani jenereta, kwa vidole vitupu, nyayo zake zikiwa juu ya udongo, na maongezi yakaendelea. Volti ni 220. Gurupe linanguruma nyuma ya duka. Si uchawi.

Ukimuuliza, atakueleza bila haraka: umeme lazima urudi ulikotoka. Gurupe dogo la esanse hutoa nyaya mbili, na mara nyingi hakuna hata mmoja uliofungwa ardhini. Ukigusa mmoja, umeme hauna njia ya kurudi kupitia miguu yako. Gusa zote mbili, ndipo utajua.

Ni kweli tupu, na ndiyo inayotisha.

Gurupe moja likiwasha nyumba kadhaa, nyaya hupita mitini, darini, madirishani. Waya mmoja ukichubuka nyumba ya kwanza na kugusa nguzo ya chuma iliyochimbiwa, ardhi yote imeshika upande mmoja wa gurupe. Hakuna kinachozimika, taa zinawaka vilevile, na hitilafu inaweza kukaa hapo muda mrefu. Atakayegusa waya wa pili, nyumba ya tatu, ndiye njia ya kurudi. Mwili uliolowa unaweza kupitisha miliampia 200 hivi, wakati vikatio vya kulinda watu hutegwa kwenye 30. Fyuzi ya ampia 10 haisikii kitu: kazi yake ni kuzuia waya usiungue.

Mjini Kindu mambo ni mengine. Huko SNEL, shirika la umeme la taifa, hutumia umeme wa maji wa Lutshurukuru, mtambo wa zama za migodi ya Kalima. Kwenye mtandao wa mji, waya mmoja, nyutro, hufungwa ardhini makusudi, ili hitilafu ijulikane na ikatwe. Lakini waya wa pili, fazi, unapiga mara ya kwanza. Fundi aliyejifunzia gurupe Kasongo, au kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare, huenda huko na mazoea yake vidoleni.

Sheria namba 14/011 ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL. Kampuni binafsi ikija Kasongo, itaunga umeme wake kwenye nyaya zipi? Kwa gurupe, swichi ilikata waya wowote. Kwenye mtandao, swichi ikikata nyutro, taa inazimika na fazi inabaki kwenye soketi yake, ikimngoja anayebadilisha balbu. Nani atalipia ukaguzi wa nyumba zote? Fundi ana jibu la nusu tu: kwanza swichi zigeuzwe zikate fazi, fimbo ya chuma ya kufunga waya ardhini itafuata mteja akipata pesa.