Mteule Mbele ya Mkasi

Filamu ya George Lucas iitwayo The Phantom Menace ilipotoka mwaka 1999, wapenzi wa visa vya Star Wars, ambao tangu mwaka 1977 walikuwa wakisadiki kwamba ile Nguvu imeenea katika kila kiumbe na kwamba hata kijana wa shamba jangwani aweza kukirimiwa nayo, walistaajabu kumwona Jedi, mmoja wa mashujaa wa Nguvu hiyo, akitwaa damu ya mtoto mtumwa, Anakin Skywalker, na kuipeleka kupimwa, ikapatikana hesabu ya vijidudu vya Nguvu iliyozidi 20,000, ambayo hata Yoda, mkuu wa Jedi, hakuifikia. Mtoto mwenyewe hana baba, mama yake hawezi kueleza mimba ilivyoingia, na utabiri wa kale wa kuja kwa Mteule wamngojea. Basi kabla hajatenda lolote, kadari imekwisha kumwandikia kila jambo.

Haukupita muda mrefu, Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California, akaikata upya kazi ile, akaiita The Phantom Edit, na kufikia mwaka 2001 nakala zake zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Zaidi ya robo saa iliondoka. Maelezo ya damu yakapunguzwa, pamoja na makelele ya kitoto ya Anakin. Na hili la pili, ingawa laonekana dogo, ndilo lililonivutia, kwa kuwa katika filamu asilia mtoto yule huchukuliwa vitani na chombo kinachojiendesha, akailipua merikebu ya adui pasipo kukusudia, akamaka kama aliyevunja kikombe cha mamaye. Uondoe mshangao huo, naye aonekana amekusudia. Hapo haikuongezwa picha hata moja, na ushujaa umetoka kwenye majaaliwa ukaingia mikononi mwa mtu.

Siafikiani, hata hivyo, na wale watakao kuufuta utabiri wote, maana Baraza la Jedi humtumaini Anakin na kumhofu kwa sababu ya utabiri huo. Tena katika filamu ya 2005 Yoda mwenyewe adokeza kwamba huenda ulisomwa visivyo, na shaka hiyo, kwa rai yangu, yafaa kuliko mkasi.

Mas'ala ya Rey, shujaa wa filamu za baadaye, ni mazito zaidi. Mwaka 2017 The Last Jedi ilimjulisha kwamba wazazi wake walikuwa wachuuzi wa vyuma chakavu, watu wasio na jina, waliomuuza wapate fedha ya ulevi. Mwaka 2019 The Rise of Skywalker ikamgeuza mjukuu wa Palpatine, yule mtawala mwovu. Atakaye kumvua nasaba hiyo atapata msaada ndani ya filamu ile ile, kwani Rey, alipoulizwa jina la ukoo kwenye sayari ya Pasaana, hujibu kuwa yeye ni Rey tu, na jibu hilo laweza kuhamishiwa mwishoni, pale anapojiita Skywalker, maadamu kamera imemwelekea kikongwe aulizaye, midomo ya Rey isionekane. Palpatine, lakini, hanyamazishwi kwa wepesi huo: amemwita mjukuu wake arithi kiti, na mhariri akiukata ujamaa, hana budi kumtafutia mzee yule, katika maneno aliyokwisha kuyanena, sababu nyingine ya kumtaka binti huyo afike hata kwenye sayari yake ya Exegol.