Kabla hujammwagia mbwa makombo ya pilau

Sikukuu ikipita, makombo hayakosekani. Sinia limebaki na wali wa chini, vitunguu vilivyokaangwa, zabibu kavu mbili tatu na mifupa ya kuku. Hakuna anayependa kutupa chakula, na mbwa amelinda geti usiku kucha, basi vyote vinaishia kwenye sufuria lake. Paka naye anawekewa mchuzi uliobaki kwenye bakuli. Ni ukarimu wa kweli, lakini katika mabaki hayo mna vitu visivyopungua vitatu vinavyoweza kumuua mnyama.

Makombo yenyewe si kosa. Mbwa ameishi kwa mabaki ya binadamu kwa maelfu ya miaka, na mbwa wetu wengi hawajawahi kuonja chakula cha dukani. Kosa ni kuamini kwamba tumbo la mnyama linahimili chochote. Linahimili mengi, ila damu, ini na figo zake hazifanyi kazi sawasawa na zetu, na baadhi ya vyakula vinavyotujenga sisi humbomoa yeye.

Kitunguu huharibu damu

Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani yake vina kemikali za salfa zinazoishambulia hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Binadamu anayekula kiasi cha kawaida hadhuriki. Kwa mbwa na paka, hemoglobini iliyoharibika hugandamana na kufanya vinundu ndani ya chembe. Mwili huziona chembe hizo kuwa mbovu na kuziondoa upesi kuliko unavyotengeneza mpya. Mnyama huishiwa damu bila kuwa na jeraha hata moja.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo. Kwa paka, gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuathiri damu. Paka wa kilo 3 hufika hapo kwa gramu 15, yaani kijiko cha mezani kimoja na nusu cha kitunguu kilichokatwakatwa. Mbwa huanza kudhurika kwenye gramu 15 hadi 30 kwa kilo, hivyo kwa mbwa wa kilo 10 kitunguu kimoja kikubwa kinaweza kutosha. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na unga wa kitunguu unaouzwa kama kiungo umekolea zaidi.

Dalili zake huchelewa kwa siku kadhaa. Fizi hupauka, mnyama huhema haraka, hukosa nguvu, na mkojo hugeuka rangi kama chai ya rangi. Kufikia siku hiyo pilau limeshasahaulika, na wenye nyumba huanza kumshuku jirani kwamba amemtegea mbwa wao sumu.

Zabibu, ukwaju na figo

Kwa miaka mingi madaktari wa mifugo walijua kwamba zabibu, mbichi au kavu, huweza kuangusha figo za mbwa, ila hawakujua ni kitu gani ndani yake kinachofanya hivyo. Mwaka 2021 wataalamu wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA nchini Marekani walitoa hoja iliyofungua fumbo hilo. Walikuwa wameshughulikia mbwa aliyekula udongo wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani. Ndani yake mlikuwa na unga wa tindikali unaotumiwa na waoka keki, na figo za mbwa huyo ziliharibika kwa namna ileile ya zabibu. Kilichomo katika unga huo na katika zabibu ni asidi ya tartariki.

Asidi hiyo imejaa pia kwenye ukwaju, na wataalamu hao walieleza visa vya mbwa walioharibika figo baada ya kuula. Kwetu jambo hili si la mbali. Dodoma inalima zabibu, na ukwaju uko kwenye juisi, achari na samaki wa kupaka wa Pwani. Kiasi cha asidi hutofautiana kati ya zabibu na zabibu, hivyo hakuna idadi inayoweza kuitwa salama kwa mbwa. Mbwa aliyekula hutapika, hukataa chakula, na baadaye mkojo hupungua. Asisubiriwe mpaka afikie hapo.

Chokoleti, bigijii na mifupa

Kakao ina theobromini, kemikali inayousisimua moyo. Ini la mbwa huiondoa polepole sana. Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo hatari inavyozidi, na unga mtupu wa kakao ndio mkali kuliko vyote: gramu 10 hadi 15 zinaweza kuanzisha dalili kwa mbwa wa kilo 10. Hutapika, huhara, hatulii, moyo humwenda mbio, na akizidiwa hupata degedege. Kahawa na majani ya chai yaliyotumika nayo yasitupwe mahali anapofika.

Bigijii na peremende zisizo na sukari huweza kuwa na zailitoli, ambayo kwenye paketi huandikwa xylitol. Kongosho la mbwa huipokea kama sukari na kumwaga insulini kwa wingi. Sukari ya damu inaweza kushuka ndani ya nusu saa, mbwa akayumba na kuanguka. Kiasi kikubwa zaidi huharibu ini.

Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Makadamia, zinazolimwa sana Kenya, hulegeza miguu ya nyuma ya mbwa kwa siku moja au mbili. Unga wenye hamira usiookwa nao huumuka tumboni na kutoa pombe.

Mahindi yaliyoota ukungu

Hatari iliyo karibu nasi kuliko zote haitajwi sana. Mahindi yakiota ukungu, tunasema, "Hayo wapeni mbwa na kuku." Ukungu huo huzalisha sumukuvu, sumu ya ini isiyokwisha kwa kupika ugali. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyohiyo Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Mwishoni mwa 2020, makumi ya mbwa waliripotiwa kufa Marekani baada ya kula chakula cha kiwandani kilichokuwa na sumukuvu. Mahindi unayoogopa kumpikia mtoto usimpe mbwa.

Paka ana yake

Maziwa ya ng'ombe si sumu kwa paka, ila paka wengi wazima hawawezi kumeng'enya sukari yake, hivyo huwaharisha. Kubwa zaidi ni kwamba paka lazima apate taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Akilishwa ugali na maziwa pekee kwa muda mrefu, moyo wake unaweza kulegea na macho kupofuka. Dagaa wachache tu wasio na chumvi nyingi, kila siku, humsaidia sana.

Parasetamoli si chakula, lakini wapo wanaompa paka mgonjwa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja kwa usalama. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

La kufanya

Mnyama akila kimojawapo, mpigie daktari wa mifugo saa ileile, hata kama hajaonyesha dalili. Mweleze alichokula, kiasi, saa, na uzito wake, na uende na paketi. Usimnyweshe mafuta, maziwa wala maji ya chumvi ili atapike: anaweza kupaliwa, na chumvi nyingi nayo ni sumu. Daktari ana dawa ya kumtapisha salama, na humfaa zaidi katika saa moja au mbili za mwanzo.

Kinga yenyewe haina gharama. Fungu la mnyama litolewe mapema: nyama iliyochemshwa bila mfupa, wali au ugali mkavu, kabla vitunguu havijaingia sufuriani. Watoto na dada wa kazi waambiwe hivyo, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomlisha.