Faili Nzito, Kompyuta Kuukuu: Usikimbilie Dukani

Je, msomaji, umewahi kufungua kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kompyuta ikagoma kama punda aliyechoka?

Tatizo hili huwakabili hasa wanaotafuta historia yao. Chukua jamaa zenye asili ya Soin na kwingineko Kericho na Bomet. Habari za ardhi yao zimo katika nyaraka za kikoloni kama ripoti ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotolewa 1934, mwaka uleule ilipopitishwa sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi. Nyaraka kuukuu za aina hii zikiingizwa kwenye kompyuta, mara nyingi huwa picha tupu. Mzee akiuliza, "Wazee wetu walisema nini?" mjukuu hana budi kupekua mamia ya kurasa.

Mbona kompyuta hukwama? Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa picha ya rangi, nukta 300 kwa kila inchi, una nukta karibu milioni 8.7. Ukikunjuliwa uonekane kwenye skrini, hula takriban megabaiti 26 za kumbukumbu. Faili ikiwa ndogo isikuhadae. Imekunjwa kama nguo sandukuni.

Basi kabla ya kununua kompyuta mpya, badilisha programu ya kusomea. Kwenye Windows, jaribu SumatraPDF, iliyoanza kutolewa 2006. Ni ya bure, ni nyepesi na haina madoido. Husoma PDF na pia DjVu, muundo uliobuniwa na wataalamu wa AT&T nchini Marekani miaka ya 1990 kwa ajili ya kurasa zilizopigwa picha. Wenye Linux au simu za Android watumie MuPDF, ambayo ndiyo injini ya Sumatra.

Zingatia haya pia. Chukua programu kwa watengenezaji wenyewe, usije ukabeba virusi. Hifadhi faili kwenye diski yako badala ya kuisoma moja kwa moja kwenye intaneti. Ikizidi uzito, igawe vipande. Lakini usiibane kupita kiasi: herufi ndogo za ramani hufifia, na jina la kijiji likifutika, ushahidi nao umekwenda. Nakala asili iweke kando.

Mzee anayengoja jibu hana miaka mingi ya kusubiri kurasa zifunguke.