Kifahamu Kitongoji Chako: Mipaka, Mito na Mamlaka

Katika miteremko ya Milima ya Uluguru, makazi mengi hayakupangwa kandokando ya barabara kama ilivyo katika nchi tambarare. Nyumba husimama chache chache juu ya migongo ya milima, mashamba ya migomba na mihogo yakishuka hadi bondeni. Kundi la kaya za namna hiyo ndilo mara nyingi huitwa kitongoji, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa vijijini nchini Tanzania.

Umbile la ardhi ndilo lililochora vitongoji hivyo. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima hii, yenye vilele vinavyofikia takribani mita 2,600, na kuleta mvua nyingi zaidi upande wa mashariki, zilipo Kinole na Matombo. Maji hushuka kupitia vijito vingi hadi Mto Ruvu, unaotegemewa pia na wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Vijito hivyo, pamoja na migongo ya milima, ndivyo wenyeji walivyozoea kuvitumia kuwa mipaka. Hata hivyo, kijito huweza kuhama baada ya mvua kubwa, na hapo ndipo migogoro huzaliwa.

Ni muhimu kufahamu kwamba kitongoji si kijiji. Hakina halmashauri yake wala ardhi yake pekee. Ni sehemu ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na wakazi, na kwa wadhifa wake huwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Yeye ndiye mlango wa kwanza wa kufikisha kero za maji, njia na usalama.

Lakini mwenyekiti huyo hana mamlaka ya kugawa ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Anayenunua shamba kwa barua ya kitongoji pekee yuko hatarini kupoteza fedha na shamba.

Vilevile, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa kitongoji kilichobanwa kati ya kijito na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, maana yake ni kwamba ardhi ya kulima ni finyu kuliko inavyoonekana kwa macho.

Mgogoro wa mpaka ukitokea, wananchi wanashauriwa kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji. Asiyehudhuria huamuliwa na waliohudhuria.